Utaratibu Hupandwa Siku za Neema



Watu wengi wa kwetu hudhani ya kwamba utaratibu ni jambo la maofisini. Wakisikia maneno kama daftari, muhtasari, ukaguzi na mgawanyo wa kazi, husema: "Hayo ni ya wasomi wa mjini. Sisi ni wakulima, twajuana na kuaminiana, yatosha." Siku za neema maneno hayo huonekana kuwa kweli. Pamba imenunuliwa, fedha imelipwa, nani tena atauliza daftari liko wapi? Lakini ikija siku ya shida, kuaminiana kusiko na maandishi huyeyuka kama chumvi katika maji. Aliyekuwa rafiki jana, leo aitwa mwizi.

Nataka kuwaeleza leo kwa nini chama, duka au mradi wo wote wa kijiji hauna budi kuwa na utaratibu uliopangwa kabla ya shida, na jinsi utaratibu huo unavyoweza kuwavusha watu. Mengine nimeyasoma, na mengine nimeyaona kwa macho yangu hapa Bariadi mwaka 2019, mwaka ambao wakulima wa pamba wa Simiyu hawatausahau upesi.

Mimi nilisomea ualimu chuoni, lakini kazi niliyoipata ni ya ukarani wa parokia, na sasa nimeizoea. Kazi yangu ni vitabu. Aja kijana anayetaka kufunga ndoa, aomba cheti cha ubatizo. Nafungua kitabu, naona namba, jina, tarehe, wazazi, msimamizi, na padre aliyebatiza. Pengine padre huyo alikwisha kufa zamani, na aliyeandika simjui kabisa. Lakini mstari upo. Kwa nini upo? Kwa sababu iliamriwa tangu mwanzo kwamba jambo liandikwe mara lifanyikapo, katika kitabu kimoja, kwa mpango ule ule, awe nani anayeshika kalamu. Hiyo ndiyo maana ya utaratibu. Kazi haimtegemei mtu hodari, yategemea njia iliyopangwa. Mtu hodari huugua, huhama, hufa. Njia hubaki.

WAZEE WALIJUA

Tusidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Nani katika Usukuma asiyejua ngitili? Wazee walifunga sehemu ya malisho wakati wa mvua, wakati majani yalikuwa tele kila mahali na hakuna ng'ombe aliyelia njaa. Mgeni angeweza kucheka: mbona mwazuia majani mazuri namna hii? Lakini ilipofika kiangazi, nchi nzima ikawa nyekundu, ngitili ilifunguliwa, na ng'ombe wakaishi. Ngitili nyingi zilipotea baadaye, miti ikakatwa, hata mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ule tulioujua kwa jina la HASHI. Mradi huo ulipata sifa hata nje ya nchi, nao ulijengwa juu ya maarifa ya wenyeji. Uliwarudishia watu ngitili zao.

Kadhalika twasoma habari za Yusufu katika Misri. Hakungoja miaka ya njaa ndipo aanze kutafuta ghala. Katika miaka saba ya shibe alitenga sehemu ya tano ya mavuno, akaweka nafaka katika miji. Njaa ilipokuja, iliikuta Misri ina ghala na ina wasimamizi.

Basi utaratibu wa chama ni ngitili ya namna nyingine. Hufungwa masika ili ufunguliwe kiangazi.

CHAMA KILICHOANZA NA MIZANI

Ushirika wa pamba wa kwetu ulianza kwa sababu ya utaratibu, nao ulianguka kwa kukosa utaratibu. Vijana wengi hawajui habari hizi, nami nitazieleza kwa ufupi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wa Jimbo la Ziwa waliuza pamba yao kwa wafanyabiashara, na kilio chao kikubwa kilikuwa mizani. Mkulima alifika na mzigo aliojua uzito wake kwa mgongo wake mwenyewe, mizani ikasema namba nyingine. Mapema katika miaka ya 1950 wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe penye vituo vya kununulia, ili mzigo upimwe na macho ya pande mbili. Kazi yao ilikuwa kupima na kuandika, si kupigana na mtu wala kutukana. Kiongozi aliyevuma sana katika kazi hiyo alikuwa Paul Bomani, aliyepata kuwa katibu wa chama cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza na ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi yetu. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana vikawa Victoria Federation, yaani muungano wa vyama vya ushirika vya Ziwa Victoria. Kufika mwaka 1960 muungano huo ulikuwa umeshika biashara ya pamba ya jimbo zima, una mamia ya vyama vya msingi na viwanda vyake vya kuchambulia pamba.

Sasa sikilizeni. Chama kilikua upesi kuliko makarani wake. Vyama vya msingi vilizaliwa kila mahali, lakini watu waliojua kuweka hesabu hawakuzaliwa kwa kasi hiyo. Manung'uniko yakaanza: makato hayaeleweki, viongozi hawasemi, fedha imepotea njiani. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu ichunguze ushirika wa nchi nzima. Kamati iliona nini? Iliona wanachama wasiojua haki zao wala habari za chama chao, upungufu wa watumishi wenye ujuzi, kukosekana kwa sauti ya wanachama katika vyama vikuu, na mikono ya siasa iliyoingia pasipofaa. Victoria Federation ikawekwa chini ya usimamizi wa serikali, na mahali pake pakaja Nyanza Cooperative Union.

Yaliyofuata wazee wengi wayakumbuka. Mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vyote vilivunjwa. Sheria ya mwaka 1982 ikaruhusu ushirika urudi, na katika 1984 vyama vikuu vikaanza tena. Mwaka 1994 soko la pamba likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia, na vyama vingi vikakosa nguvu. Katika msimu wa 2018 serikali iliagiza pamba ipite tena katika vyama vya msingi, vile tunavyoviita AMCOS.

Waona, ndugu msomaji? Ushirika huu ulipanda juu wakati kila mzigo ulipokaguliwa na macho mawili. Ukashuka wakati mwanachama alipokuwa haoni tena kilichoandikwa.

MWAKA 2019

Katika msimu wa 2018 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,100 kwa kilo. Watu walifurahi, wakalima zaidi. Msimu wa 2019 bei ilitangazwa kuwa shilingi 1,200. Magulio yakafurika pamba. Lakini wanunuzi hawakuja kwa wingi, na waliokuja hawakuwa na fedha ya kutosha. Wiki zikapita, kisha miezi.

Wengi walisema ni hila tu. Lakini tupige hesabu kidogo, maana hesabu haina chuki. Bei ya pamba nyuzi katika soko la dunia, iliyokuwa zaidi ya senti 90 za dola kwa ratili katikati ya 2018, ilikuwa karibu senti 70 mwezi wa Agosti 2019. Sababu mojawapo ni ugomvi wa kibiashara kati ya Marekani na Uchina, nchi mbili kubwa katika biashara ya pamba. Senti 70 kwa ratili ni karibu dola moja na nusu kwa kilo. Dola wakati huo ilikuwa kama shilingi 2,300. Basi kilo moja ya pamba nyuzi ilileta karibu shilingi 3,550. Na ili kupata kilo moja ya nyuzi, kiwanda huhitaji karibu kilo tatu za pamba yenye mbegu. Kilo tatu kwa shilingi 1,200 ni shilingi 3,600. Bado usafiri, bado umeme wa kiwanda, bado ushuru. Kweli mbegu nazo huuzwa, lakini faida ilikuwa imekwisha. Mabenki nayo yaliogopa kuwakopesha wanunuzi. Ndivyo ugomvi wa mataifa makubwa ulivyofika hata chini ya mbuyu wa kijiji chetu.

Chama cha msingi cha kwetu kilikuwa na wakulima zaidi ya mia mbili waliokwisha kuleta pamba na kupewa stakabadhi, bila fedha. Mama yangu mzazi alikuwa mmoja wao. Alikuwa na kilo 386, yaani shilingi 463,200. Fedha hiyo ilikuwa na kazi yake tayari: mdogo wangu wa kike alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi, na karo ilitakiwa mwezi wa Septemba. Nasema haya ili mjue kwamba sikuwa mtazamaji wa mbali.

Mwezi wa Julai maneno yalikuwa makali. Wengine walitaka kuvunja ghala wachukue pamba yao. Wengine walisema katibu amekula. Hapo ndipo halmashauri ya chama ilipofungua ngitili yake.

MAMBO SITA

Mwenyekiti wetu alikuwa mzee mtulivu, aliyewahi kuwa karani wa gulio katika ujana wake. Halmashauri ilikuwa na taratibu zilizoandikwa tangu mwaka uliotangulia, wakati hakuna aliyezitilia maanani. Aliniita nisaidie kusoma daftari mbele ya mikutano, kwa kuwa nilisomea kufundisha na sikuwa mjumbe. Hivi ndivyo walivyofanya.

La kwanza, daftari moja. Kila mzigo ulikuwa umeandikwa kwa wino: jina, namba ya mwanachama, tarehe, pamba safi au fifi, kilo, na sahihi au dole gumba. Stakabadhi zilikuwa na nakala. Moja kwa mkulima, moja kwa chama, moja kwa mnunuzi. Katika mkutano wa kwanza nilisoma majina yote, mstari kwa mstari, na kila mtu alishika karatasi yake mkononi akilinganisha. Tulianza saa nne, tukamaliza saa nane. Stakabadhi tatu zilikuwa na tofauti ndogo, zikasahihishwa mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema tena kwamba kilo zake zimepotea. Ugomvi nusu ulikufa pale pale.

La pili, mgawanyo wa kazi. Mwenye kupima haandiki. Mwenye kuandika hashiki fedha. Mwenye kushika fedha hana ufunguo wa ghala peke yake, maana ghala lina kufuli mbili na watu wawili. Watu wengine hudhani kwamba kufanya hivyo ni kumshuku mtu. Sivyo. Ni kumkinga. Katibu aliposingiziwa, aliweza kusimama na kusema, "Fedha haipiti mikononi mwangu, na ninyi nyote mwajua." Asingekuwa na utaratibu, angekuwa na nini cha kujitetea isipokuwa kiapo?

La tatu, siku maalumu. Iliamuliwa kwamba kila Jumamosi saa nne halmashauri itakaa mbele ya ghala na kusema habari, ziwepo au zisiwepo. Jumamosi nyingine mwenyekiti alisimama akasema maneno matano tu: "Leo hatuna habari mpya, ndugu." Watu wakaondoka wakinung'unika, lakini wakaondoka. Ni ukimya wa viongozi ndio ulioleta mawe mahali pengine, maana mahali pasipo na habari uvumi hujenga nyumba.

La nne, foleni iliyokubaliwa kabla ya fedha kufika. Hili lilikuwa gumu kuliko yote. Wakulima wakubwa walitaka kulipwa kwa tarehe, aliyeleta kwanza alipwe kwanza, hata kama ana kilo elfu mbili. Wadogo wakasema, "Basi fedha ya kwanza itakwisha kwa watu watano." Walibishana siku mbili. Mwisho wakaafikiana: fedha ikija, kila mkulima apewe kwanza mpaka shilingi 100,000, na ambaye deni lake halifiki hapo alipwe lote. Ziada ifuate tarehe za stakabadhi. Ikaandikwa, ikabandikwa mlangoni.

La tano, akiba. Katika msimu wa 2018 chama kilitenga sehemu ya ushuru wake. Wakati ule baadhi ya wanachama walipiga kelele wakitaka igawanywe. Mwaka 2019 akiba ile ndogo ilitolewa kuwa mkopo kwa wagonjwa na kina mama waliokaribia kujifungua, wakatwe pamba yao ikilipwa. Karo ya shule haikuingizwa, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na mtoto, na akiba isingetosha wiki moja. Tena wajumbe walikata posho zao wenyewe kabla ya kuwaambia wengine wavumilie.

La sita, kumbukumbu. Kila uamuzi uliandikwa katika muhtasari, ukasomwa katika kikao kilichofuata, ukatiwa sahihi. Mtu aliposema, "Hatukukubaliana hivyo," hapakuwa na haja ya kupaza sauti. Kitabu kilifunguliwa.

MAMA YANGU NA FOLENI

Yapo mambo ambayo hujaribu utaratibu kuliko njaa, nayo ni undugu. Mwezi wa Agosti fedha kidogo iliingia. Kila mtu akapata shilingi 100,000 zake. Mama akabaki akidai 363,200, na tarehe ya stakabadhi yake ilikuwa ya katikati. Chuo kilikuwa kinangoja. Jamaa wawili walikuja nyumbani jioni, wakaniambia kwa upole, "Mwalimu, daftari unalisoma wewe. Mjumbe fulani yuko tayari. Mstari mmoja tu upande juu, nani ataona?"

Kabla sijajibu, mama alisema akiwa jikoni: "Mwanangu, niache pale pale nilipo. Nikipanda mimi, daftari limekufa."

Aliuza mbuzi wawili. Mdogo wangu akaenda chuoni na nusu ya karo na barua ya kuomba kungojewa. Siwezi kusema kwamba zilikuwa siku tamu. Fedha iliyobaki mama aliipata mwezi wa Novemba, katika zamu yake, akatia sahihi mbele ya watu. Wapo waliokuja kuniambia baadaye kwamba walikuwa wanautazama sana mstari ule wa mama yangu. Walitaka kujua kama daftari ni daftari.

Chama kingine, ambacho sitakitaja jina wala upande kilipo, kilikuwa na pamba nyingi kuliko sisi. Fedha yao ilifika karibu wakati ule ule. Lakini mizigo mingine iliandikwa kwenye karatasi za daftari la shule, mingine kwa jina la mtu mmoja badala ya watano, na mtu mmoja ndiye aliyepima, aliyeandika na aliyelipa. Fedha ilikuwapo, na malipo hayakuwezekana, maana hapakuwa na aliyejua kwa yakini nani anadai nini. Sidhani kwamba wote walikuwa wezi. Nadhani wengi walikuwa watu wa kawaida waliongojea shida ndipo watafute kalamu.

UTARATIBU HAULIWI

Msomaji mmoja atasema: "Karani, utaratibu hauliwi. Ulileta fedha mapema?" Nami najibu kweli: haukuleta hata siku moja mapema. Bei ya dunia haisikii muhtasari wa kijiji chetu. Tulingoja kama wengine walivyongoja, na wengine wetu walilala njaa. Mtu akikuahidi kwamba utaratibu utaondoa shida, usimwamini.

Lakini uliokoa kitu ambacho fedha haiwezi kukinunua baadaye, yaani chama chenyewe. Msimu wa 2020 bei elekezi ilishuka mpaka shilingi 810. Huo ndio mwaka ambao watu wangeweza kutawanyika kabisa. Kwetu wengi walirudi, wakaleta pamba kwenye mizani ile ile, kwa karani yule yule. Biashara huweza kupata hasara ikapona. Biashara iliyopoteza imani ya watu wake haiponi.

Siku hizi zimekuja kompyuta. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo uitwao MUVU, ambamo habari za vyama huwekwa ili wasimamizi wazione wakiwa mbali, na liko Shirika la ukaguzi, COASCO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1982. Ni mambo mema, tuyapokee. Lakini tukumbuke kwamba kompyuta hupokea kile tu ambacho mkono umeandika. Ukiiletea uongo itautunza uongo vizuri sana, kwa herufi safi. Mwanachama asiyesoma stakabadhi yake penye mizani hatasaidiwa na mashine iliyoko Dodoma.

Tena hatuna udhuru wa kusema kwamba ujuzi huu haupatikani. Kanisa lenyewe lilifungua pale Nyegezi, Mwanza, mwaka 1960, chuo cha kuwafundisha watu mambo ya jamii pamoja na hesabu, chuo ambacho mwaka 1998 kilikuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Moshi nako kuna chuo cha ushirika tangu 1963. Vijana wetu waliosoma hesabu wapo vijijini wakikosa kazi. Je, tumewaita?

NYUMBANI KWAKO

Nisimalizie kwa vyama tu, maana wengi wenu mna duka dogo, mashine ya kusaga, cherehani, au pikipiki ya kubebea abiria. Mambo ni yale yale, yamepunguzwa ukubwa. Uwe na daftari moja, uandike siku ile ile. Fedha ya duka isikae mfuko mmoja na fedha ya mboga. Mume na mke wote wawili wajue ilipo na ni kiasi gani, maana biashara inayojulikana na mmoja hufa naye. Chagueni siku moja katika juma, mkae nusu saa mkasome hesabu, hata kama hamkuuza kitu. Mkubaliane sasa, mkiwa mmeshiba na mna furaha, kitu gani kitakatwa kwanza mambo yakiwa mabaya, na kitu gani hakitaguswa kamwe. Mashauri yanayofanywa wakati wa njaa huwa na hasira ndani yake. Na katika kila mavuno tengeni kidogo, kiwe mbegu ya kesho.

Nanyi wanachama wa ushirika, kabla mizani haijafunguliwa mwezi wa Mei, nendeni kwa viongozi wenu mkaulize kwa adabu mambo haya. Nani anapima, nani anaandika, nani anashika fedha? Daftari la mwaka jana liko wapi, na lilikaguliwa lini? Akiba ni kiasi gani? Fedha ikichelewa, tutalipwa kwa foleni ipi? Kiongozi mwema atafurahi kuulizwa. Asiyetaka kuulizwa siku ya neema, mtamwuliza nini siku ya shida?

Mdogo wangu yule sasa ni muuguzi, na kila mwaka mama bado analima pamba. Stakabadhi zake zote, tangu ile ya kilo 386, amezifunga kwa uzi na kuziweka juu ya kabati. Nilipomwuliza kwa nini azitunza za miaka iliyokwisha kulipwa, alinitazama kana kwamba mimi siye karani.

Ni mimi,
Karani wa Parokia,
Bariadi.